Wimbo Wenye Jina Langu

Kila Desemba mauzo ya bendi za roki za enzi zote hulinganishwa, na bendi inayoshika mkia hufutiwa nyimbo zake vichwani mwa watu wote: sauti, maneno, hata majina ya nyimbo. Baba alikuwa mpiga gitaa. Wimbo wake mmoja uliovuma aliupa jina langu nilipozaliwa. Mwaka huu bendi yake ilishika mkia.

“Wewe ulinunua nyimbo za nani?” aliniuliza tukisubiri ufutaji.

“Za vijana, baba. Zenu nizinunue za nini, na zote nazijua kwa moyo?”

“Ndivyo walivyosema wote,” akajibu, akaniomba chai.

Nilipomletea, alikipokea kikombe kwa mikono miwili, kama mgeni.

“Ahsante, binti yangu. Unaitwa nani vile?”

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta na mimi sijui.