Chini ya Shani na Sultani

Sheria ya barabarani ilikuwa moja: gari la Shani likikutana na Sultani, gari la daraja la juu, Shani husimama lenyewe mpaka Sultani lipite.

Siku ya harusi ya Nasra, Shani la mama yake liligoma getini. Gari la bibi harusi ndilo hutangulia, nani asiyejua? Lakini Sultani la wakwe lilikuwa limeshafika nyuma yake.

"Gari linajua nafasi yake, mkwe," alisema Bi Tatu, mama wa bwana harusi, akichungulia dirishani. "Tupisheni tu."

Siwema, mama Nasra, alikuwa fundi wa magari hayo mwaka wa kumi na moja sasa. Alishalala chini ya yote mawili mpaka akachoka: chesisi ile ile, injini ile ile, hata nati zatoka boksi moja. Tofauti ni nembo, ngozi ya viti, na kidude kama kiberiti chini ya boneti, kinachoamua nani ampishe nani.

Akajifunga kanga juu ya gauni la sherehe, akafungua boneti, akaking'oa kile kidude na kumtupia Bi Tatu mapajani.

"Nishikie, mkwe."

Shani likaondoka. Kwenye njia panda magari yote yakasimama, hayajui yapishe au yapishwe. Hakuna aliyepiga honi. Nasra akageuka kutazama nyuma.

"Mama, askari wakitukamata, wakauliza sisi daraja gani?"

Siwema akakanyaga mafuta.

"Waambie walale chini ya gari, watazame."