Jembe la Faki

Januari 1956 kaka yangu Faki aliitwa shule ya sekondari ya mashambani, kule Meru. Mwanafunzi asiye na jembe alirudishwa nyumbani. Asubuhi ya safari, jembe lake halikuonekana.

"Mtoto wa mjini Pumwani utalima nini wewe?" Mama alimtania, macho mekundu. "Hata sukumawiki huijui mzizi!"

"Dada, hujaliona?" Faki aliniuliza.

Nilikuwa nimeliona. Mama alilificha uvunguni mwa kitanda chake, amelifunga kwa kanga. Nami nilitaka Faki abaki. Baba tulikuwa tumemzika mwezi uliotangulia.

Faki akaketi juu ya sanduku, akaisoma tena barua ya shule, midomo ikimcheza.

Nikaelekea chumbani kwa Mama. Mlangoni Mama alinishika mkono kwa nguvu. Kisha akaniachia.