Waya Tisa

Mke wa fundi redio alivuta waya nyekundu, haikutoka. Akavuta ya njano. Nayo ilishika kama jino.

Akageuza kibao cha seti yake. Waya zote tisa zilikuwa zimelehemiwa, kila moja na nukta yake ya risasi iliyoyeyushwa, ndogo, inang'aa, safi kama kazi ya kiwandani.

"Nimekusaidia," mumewe alisema kutoka kwenye meza yake ya kazi. "Waya ya kuchomeka tu ni uzembe, mama watoto. Miaka thelathini sijamrudishia mteja redio yenye waya inayocheza."

"Hii si redio. Ni seti ya kujifunzia umeme. Unachomeka, unakosea, unachomoa, unaanza upya."

"Basi sasa huna haja ya kukosea."

Wiki tatu alikuwa akitoka zamu ya wodini miguu inawaka moto, anakaa na kitabu cha picha kilichokuja na seti. Jana taa zake tatu zilipokezana kuwaka. Leo alitaka kuchomoa kila kitu, aziwashe tena bila kitabu.

"Hukuniuliza."

"Kumsaidia mke wangu ndiyo niombe ruhusa?"

Mke alizunguka meza, akachukua chuma cha kulehemu, bado cha moto, akaivuta redio ya marehemu baba mkwe, ambayo fundi hakuruhusu mtu hata kuipangusa vumbi.

"Hiyo iache," mumewe alisema, akiinuka.

"Kaa, baba watoto. Nakusaidia."

Moshi wa kwanza ukapanda.