Mpiga Ngoma wa Wol-seon

Kinyozi alipigwa risasi kwa sababu mkono ulimtetemeka. Walimpa wembe amnyoe askari, akamkata shavuni, wakamburuta hadi ukutani. Mwanamke aliyejiita mshonaji alishindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Sasa wote wawili walikuwa wamelala chini ya ukuta wa kinu cha kukobolea mpunga, na damu yao ilikuwa ikiganda kwenye makapi.

"Wanaofuata," alisema Kapteni Gi.

Ju Wol-seon alisogea na kipepeo chake cha karatasi cha kujipepea. Alikuwa mwimbaji wa visa, wa kusimama peke yake na kuimba kutwa nzima kwa ngoma moja, na mkoa wote wa Jeolla ulilijua jina lake. Nyuma yake Man-deuk alibeba ngoma ya marehemu baba yake. Man-deuk alikuwa mwana wa pekee wa Wol-seon. Alikuwa ameshuka kutoka kwa waasi wa Mlima Jiri asubuhi hiyo hiyo, na tangu utotoni alikuwa akikwepa kujifunza hiyo ngoma.

Kapteni hakuwa na maneno mengi. Waasi walikuwa wakishuka, wanaume kwa wanawake, wakijisingizia kazi za watu. Basi kila mtu aonyeshe kazi yake. Mkweli atavuka daraja, mwongo ataenda ukutani.

"Mimi ni Ju Wol-seon," alisema mama. "Huyu ni mpiga ngoma wangu."

Kapteni akacheka. Akasema baba yake alikuwa akialika waimbaji nyumbani, yeye amekua akiwasikia, kwa hiyo asije mtu akamfanya mjinga.

Wol-seon alianza polepole, mjane akilia kaburini, maana kwenye mwendo huo kosa hupata pa kujificha. Kapteni akamkatiza. Alitaka vita, panapokwenda mbio. Mama wa watu akafungua kipepeo, akaanza kisa cha vita.

Man-deuk akapiga. Lo, alipiga vibaya! Kigongo kiliangukia pasipo pake, na ile "Haya!" ya kumtia mwimbaji moyo aliitoa katikati ya neno. Askari mmoja akaikoki bunduki.

Hapo Wol-seon akaanza kumfuata. Mpigo ukiwahi, alimeza neno. Ukichelewa, alikwama kama aliyesahau. Panga za kisa zikakata hewa, farasi wakajikwaa, sauti akaipasua makusudi, hadi kila pigo la ovyo likapata mahali pa kutua. Jasho lilimtiririka mgongoni. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Kapteni alifumba macho, vidole vyake vikigonga paja. Mwishowe akainua mkono.

"We kijana," alimwambia Man-deuk, "kazi unaijua. Pita."

Man-deuk akabaki kaduwaa. Mama alimwambia kwa ukali aondoke, asimpotezee bwana mkubwa wakati, yeye anakuja nyuma yake. Kijana akabeba ngoma, akaenda. Amepona mwanangu, alijiambia Wol-seon, na furaha ilimjaa hata akataka kucheka. Akakunja kipepeo, akaanza kumfuata.

Fimbo ya kapteni ikamzuia kifuani.

"Wewe unakwenda wapi? Kijana wa watu kahangaika kukubeba mwanzo hadi mwisho. Ju Wol-seon nilimsikia kwetu nikiwa mtoto. Yule mama alikuwa akiliza wanaume wazima." Akasogea karibu, sauti ikapoa kidogo. "Haya, bila ngoma. Niimbie mstari mmoja tu kama yeye, nami nitakuacha."

Wol-seon alitazama darajani. Man-deuk alikuwa hajafika hata katikati, ngoma ikimgonga mgongoni, na askari walikuwa bado wamemwelekezea bunduki. Mstari mmoja ungetosha kuonyesha makosa yalikuwa ya nani.

"Siwezi, bwana," alisema. "Sijapata kuimba maishani mwangu."