Mwana wa Digidigi Apata Uenyeji

Ukame ulipozidi kwao, Digidigi alihamia msitu wa ugenini na mwanawe mgonjwa. Akamwendea Korongo, mganga wa msitu ule.

"Pole, mama," Korongo akasema. "Simtibu asiye na kibali cha ukaazi. Nenda kwa Nyani."

Nyani, mtoa vibali, akamtazama mtoto. "Mgonjwa hapewi kibali, mama. Kwanza Korongo athibitishe kuwa amepona."

Digidigi akarudi kwa Korongo, akarudishwa tena kwa Nyani, hata mtoto akamfia njiani.

Wote wawili walikuja msibani, nao walilia kwelikweli. Nyani akamwambia kwa upole, "Mzike hapa hapa, mama. Maiti haombwi kibali."

Digidigi akafuta machozi. "Basi mwanangu ameshakuwa mwenyeji," akasema. "Mgeni nimebaki mimi."