Krava

Kwa miezi mitatu Mwanakombo aliitika kila mama mkwe alipomwita "krava", akidhani katika mji ule wa Waslavi alikoolewa ndivyo mkwe anavyobembelezwa. Siku moja jirani yao, mwalimu mstaafu, alimsikia akiitika, akamshika mkono uani.

"Binti yangu, maana yake ni ng'ombe."

Mume wa Mwanakombo alikuwa kazini mbali, na pasipoti ya Mwanakombo mama mkwe alikuwa ameifungia kabatini.

"Lakini zamani sana," mwalimu akaongeza, "neno hilo lilitokana na neno la pembe. Mwenye pembe."

"Krava!" mama mkwe akaita kutoka jikoni.

Safari hii Mwanakombo hakuitika. Aliingia, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono.

"Naomba pasipoti yangu, mama."

Maziwa yaliyokuwa motoni yakaanza kufurika, na hakuna aliyeyaepua.