Kombe Jeupe la Agosti

Ilikuwa siku ya mwisho ya Agosti, na kombe jeupe la baharini lilikuwa bado halijaja.

Godelieve alichungulia tena ndoo yake. Makombe ya kawaida tu, ya wateja wa asubuhi. Pale Wenduine, pwani ya Ubelgiji, maua ya karatasi huuzwa na watoto, kwenye meza walizojijengea kwa mchanga, na bei yake ni makombe. Ukiwatolea yuro wanakucheka. Muuzaji bibi kizee alikuwa yeye peke yake. Wageni walimpita wakijifanya wanatazama bahari.

Mahali pale palikuwa pa Nele, binti yake. Utotoni Nele alikuwa na ua moja jekundu ambalo hakuliuza ila kwa kombe jeupe, lile lililojisokota kama ngazi ya kuzunguka, ambalo mtu anaweza kuutembea ufukwe ule kiangazi kizima asilione. Akakua, akagombana na baba yake, akafungiwa mlango, akaondoka. Hakupiga simu wala kuandika. Lakini kila Agosti, Godelieve akipitiwa na usingizi baada ya chakula cha mchana, huamka akakuta ua jekundu alilolitengeneza halipo, na kombe jeupe limo ndooni.

Basi yu hai. Ana hasira, hasemi na mtu, lakini yu hai na anapita. Godelieve alishajiapiza kwamba mwaka ambao kombe halitakuja, ndio mwaka atakaomlilia mwanawe kama marehemu.

Mumewe, Fons, alimletea supu. Alihema sana, ngazi za ukuta wa bahari zilikuwa zimeanza kumshinda.

"Bado?" akauliza.

"Bado."

"Mama, funga hii biashara twende zetu. Unajitesa bure."

"Alikimbia mdomo wako, si wangu. Kwa hiyo nyamaza."

Fons akamkabidhi bakuli la supu. Alikuwa amezoea, tangu binti aondoke, hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao.

"Kula, kisha ulale kidogo," akasema. "Mimi naenda kununua tumbaku."

"Si ulinunua jana?"

"Imeisha."

"Nenda. Wala usiharakishe kurudi."

Godelieve alikula, lakini hakulala. Hilo hakumwambia Fons. Mwaka huu alikusudia kujifanya amesinzia, na mkono wa Nele utakapofika ndooni, aushike, asiuachie tena. Akafumba macho nusu, akangoja. 

Juu barabarani king'ora kikalia. Watu wakapanda mbio kutazama, hata Rosanne, muuza aiskrimu, aliacha gari lake wazi. Godelieve hakutikisika. Kila kiangazi kuna mlevi anayezimia kwa jua na bia, na yeye hakuwa na nafasi ya kushangaa walevi. Vipi kama angenyanyuka, na Nele akapita wakati huohuo?

King'ora kikanyamaza. Maji yakaanza kupanda. Watoto wakabomoa meza zao kwa mateke, kama wafanyavyo siku ya kufunga msimu, wakaitwa kwenda kuoga. Hakuna mkono uliofika ndooni.

Amekufa, akawaza Godelieve. Mwanangu amekufa. Akaanza kulia hapohapo kwenye kiti, bila sauti.

Rosanne alirudi taratibu, aproni mkononi.

"Mama Nele," akasema, "nilijua hujaambiwa. Ni Fons. Ameanguka mlangoni mwa duka la zawadi. Wamehangaika naye sana pale, wameshindwa. Pole, mama."

Godelieve alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Duka la zawadi? Fons kaenda kununua tumbaku."

Rosanne alimwekea mapajani kitu walichokitoa mkononi mwa marehemu, kimfuko cha karatasi kilichokunjamana. Godelieve akakifungua. Ndani mlikuwa na kombe jeupe, na kibandiko cha bei kilikuwa bado hakijabanduliwa.